Hobbs, fundi aliyefungua kufuli za London mchana kweupe

Juma lililopita upepo wa kusi ulinifungia mlango. Nilitoka kibarazani kupokea maziwa, mlango ukajibamiza nyuma yangu, na funguo zimelala juu ya meza ndani. Jirani akaniitia fundi wa vitasa anayekaa chini ya mwavuli karibu na soko. Akaja na kibati cha biskuti. Ndani yake mlikuwa na vyuma vyembamba kama kumi, na vyote amevitengeneza mwenyewe: ubavu wa mwavuli mbovu, spoki ya baiskeli, kipande cha msumeno wa kukatia chuma, vyote vimepigwa tupa mpaka vikalainika. Gharama yake labda ni ya andazi na chai ya rangi. Akachuchumaa, akafumba macho kama anayesikiliza kitu, na kabla maziwa yangu hayajapata joto mlango ulikuwa wazi.

Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne na hana kazi, alikuwa amesimama hapo. Jioni akaniomba ruhusa ya kwenda kujifunza kwa fundi yule. Nikaipeleka habari barazani baada ya Isha, na huko moto ukawaka. Mzee mmoja akasema huo ni ujuzi wa wezi na mtoto wa nyumba ya heshima hafundishwi. Mwengine akasema vijana wa mji huu wameshatusumbua vya kutosha, vipi tena tuwape na ufunguo wa kila mlango? Sikuwalaumu. Kati yetu pale kuna aliyeibiwa televisheni, na kuna aliyevunjiwa duka mara mbili kwa mwaka mmoja. Hofu yao ina sababu.

Lakini swali hili si jipya. Liliulizwa London mwaka 1851, magazeti yakagombana kwa ajili yake, na mtu aliyeliibua alikuwa Mmarekani mmoja kwa jina Alfred Charles Hobbs. Maisha yake nimeyasoma kwa muda mrefu, na leo naona ni wakati wa kuwasimulia.

Hobbs alizaliwa Boston, katika jimbo la Massachusetts, mwezi wa Oktoba mwaka 1812. Boston si mbali na Salem, ile bandari ambayo meli zake zilikuja kuwauzia mababu zetu Unguja ile nguo tuliyoiita merikani. Baba yake alikuwa seremala, akafariki mtoto angali mdogo sana. Akiwa na miaka kumi alikwisha kuwa kibarua shambani. Tangu hapo akawa mtu wa kujaribu kila kazi: aliuza dukani, alichonga mbao, alitengeneza magari ya farasi, alifua bati, alishona hatamu za farasi. Wazazi wetu wangemwita mtangatangaji. Kumbe alikuwa akikusanya mikono. Kila kazi ilimwachia kitu, na mwisho wake mikono yake ilijua mbao, ngozi, bati na chuma.

Mwisho akatulia kwenye kiwanda cha vioo cha Sandwich, katika jimbo hilohilo, akajifunza kukata vioo. Wakati ule watu wenye uwezo walipenda vishikio vya milango vya kioo, na kishikio hakiendi bila kitasa. Hapo ndipo Hobbs alipoanza kuvifungua vitasa ili aone kilichomo ndani. Alijaribu biashara yake mwenyewe, haikwenda. Akahamia New York kuuza masanduku ya chuma ya kuwekea fedha, kisha akaajiriwa na kampuni ya Day na Newell iliyotengeneza vitasa vya benki.

Kazi yake pale ilikuwa kuuza, na mbinu yake ya kuuza ilikuwa ya ajabu. Aliingia kwa meneja wa benki, akamwomba ruhusa ya kukijaribu kitasa kilichopo, akakifungua mbele ya macho yake bila ya ufunguo. Baada ya hapo hakuhitaji maneno mengi. Meneja alinunua kitasa kipya kabla jua halijatua. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani namleta walii. Hobbs alikuwa mfanyabiashara, na kila kufuli aliyoifungua ilikuwa tangazo la bidhaa yake. Lakini zingatieni jambo moja: aliomba ruhusa kwanza, akafungua hadharani, na mwenye mali akiwa amesimama pembeni yake.

Sasa twende London. Mwaka 1851 Waingereza walifanya Maonyesho Makuu katika bustani ya Hyde Park, ndani ya jumba kubwa la vioo na chuma lililoitwa Crystal Palace. Huku kwetu Sayyid Said bin Sultan alikuwa angali anatawala kutoka Unguja. Watu zaidi ya milioni sita waliingia kuangalia mashine na bidhaa za dunia nzima. Hobbs alitumwa huko na waajiri wake kuonyesha kitasa chao cha benki.

Waingereza wakati ule walijivunia vitasa viwili. Cha kwanza ni cha Chubb. Jeremiah Chubb alikisajili mwaka 1818, baada ya wizi uliotokea bandarini Portsmouth na serikali kutaka kitasa kisichofunguka ila kwa ufunguo wake. Ndani yake aliweka kigunduzi. Mwizi akiinua kibamba kimojawapo kupita kiasi, kitasa kinajikaza, na mwenye nyumba akija na ufunguo wake anajua hapo hapo kwamba kuna mtu amekichezea. Inasimuliwa kwamba mfungwa mmoja aliyekuwa fundi wa vitasa aliahidiwa msamaha na pauni 100 akiweza kukifungua. Alihangaika nacho kwa miezi akashindwa.

Cha pili ni kufuli ya Bramah. Joseph Bramah alisajili mtindo wake mwaka 1784, na tangu mwaka 1790 duka lake la mtaa wa Piccadilly liliweka dirishani kufuli moja pamoja na tangazo: atakayetengeneza chombo cha kuifungua atalipwa gini 200, yaani pauni 210, papo hapo. Bramah mwenyewe alikufa mwaka 1814, kufuli ikabaki dirishani. Wafalme wakapita, vita vikapita, vijana wakawa wazee, nayo ikakaa pale zaidi ya miaka 60. Watu wakazoea kuamini kwamba kitu kisichofunguliwa kwa miaka 60 hakifunguki kabisa.

Hobbs akasema vyote viwili vinafunguka.

Tarehe 22 Julai mwaka 1851, mashahidi wakakusanyika katika nyumba moja ya mtaa wa Great George, Westminster, penye mlango wa chuma wa chumba cha kuhifadhia karatasi za thamani. Kitasa chake kilikuwa cha Chubb. Hobbs akatoa mfukoni vyuma vyake viwili vitatu vidogo, akainama. Dakika 25 baadaye mlango ulikuwa wazi. Wakamwambia aufunge tena kwa njia ile ile, akaufunga kwa dakika saba. Kigunduzi hakikuacha alama yoyote ya kumshitaki.

Aliwezaje? Hapa hakuna uchawi, na jawabu lake ndilo kiini cha ufundi wote huu, ule wa benki za London na ule wa kibati cha biskuti. Ndani ya kitasa cha namna ile mna vibamba kadhaa, na kila kimoja lazima kiinuliwe kwa kiwango chake ndipo komeo lipite. Mtengenezaji anataka vyote vilizuie komeo kwa pamoja. Lakini mkono wa mwanadamu haujawahi kutengeneza vipande viwili vilivyo sawasawa kabisa. Chukulia watu sita wanaosukuma jahazi lililopanda mchanga. Hata wakijipanga vipi, kuna mmoja ambaye bega lake linagusa ubao kabla ya wenzake, na yeye ndiye anayebeba uzito. Fundi akilibana komeo kidogo, kibamba kimoja kinabeba uzito peke yake. Fundi anakihisi, anakituliza, anatafuta cha pili. Kwa hiyo si nguvu. Ni subira na kusikiliza kwa vidole. Na kile kigunduzi kilichowekwa kumnasa mwizi, Hobbs alieleza kwamba kwa mtu anayejua kilikuwa msaada, kwa sababu kinamwambia kwamba hapa umepitiliza.

Siku mbili baadaye akaanza na Bramah. Hii haikuwa kazi ya dakika. Ikaundwa kamati ya waamuzi, akapewa siku 30. Kufuli ikafungwa imara kwenye mbao, na tundu la ufunguo likawa linapigwa muhuri kila anapoondoka, asije mtu akaichezea. Ndani mlikuwa na vipande 18 vyembamba vinavyoteleza, na kila kimoja kina kina chake. Hobbs alitengeneza vyombo vyake mwenyewe kwa ajili ya kufuli ile moja tu. Alikuwa na chuma kilichopinda chenye uzito wa kukivuta, ili mbano uwe mmoja bila kuchoka kwa mkono, na sindano za chuma za kupimia kila kipande. Alipima, akaandika, akarudi kesho akapima tena. Alifanya kazi kwa siku 16, jumla ya saa 51. Tarehe 23 Agosti kufuli ya Piccadilly ikafunguka. Baadaye ukaletwa ufunguo wake halisi ukajaribiwa, ukafanya kazi vizuri. Hakuwa ameharibu kitu.

Wenye duka walilalamika. Walisema amepewa muda mrefu mno, na vyombo vyake vilifungwa imara palepale, na hakuna mwizi atakayepata nafasi kama ile. Na kwa kweli walikuwa na hoja. Mwizi gani atakaa saa 51 mlangoni mwa mtu? Hata hivyo waamuzi walisema ameshinda, na gini 200 zikalipwa.

Basi London ikataharuki. Magazeti yalieleza namna taifa zima lilivyolala likiamini lina vitasa bora duniani, na sasa limeamshwa na mgeni. Ndipo likaja swali la wazee wangu wa barazani. Wapo waliosema Hobbs amefanya kosa kubwa. Kwa nini ajadili hadharani udhaifu wa vitasa? Si bora angenyamaza, watu wakaendelea kulala kwa amani? Kwa kusema namna vinavyofunguka, si amewafundisha wezi?

Jawabu lake limo katika kitabu cha mwaka 1853 kuhusu utengenezaji wa vitasa, kilichohaririwa na Charles Tomlinson. Nalisema kwa maneno yangu. Wezi ni watu wa bidii katika kazi yao, na walikuwa wameshajua mengi kuliko yale tunayoweza kuwafundisha. Kwa hiyo tukinyamaza, mwizi hapotezi kitu. Anayepotea ni mwenye nyumba, aliyenunua kitasa kibovu akidhani ni kizima, na fundi mwaminifu, ambaye hajui arekebishe nini. Kikisemwa, mwenye nyumba ataweza kujilinda, na mtengenezaji atalazimika kutengeneza kilicho bora. Sisi Waswahili tulilijua hili zamani: mficha maradhi kifo humuumbua.

Na ndivyo ilivyokuwa. Baada ya aibu ile, watengenezaji wa Uingereza walirudi mezani. Chubb na wengine waliboresha vitasa vyao. Hobbs mwenyewe alibaki London, akafungua kampuni yake Cheapside, akaleta mtindo wa Kimarekani wa kutengeneza sehemu za vitasa kwa mashine. Taasisi ya wahandisi ya Uingereza ikampa medali ya Telford kwa mada aliyoisoma mbele yao juu ya vitasa. Mtu aliyeonekana kama mwalimu wa wezi akatunukiwa na wakubwa wa ufundi.

Lakini maisha hayaishi kwa sifa tupu. Hobbs naye alikuwa ametoa changamoto kwa kitasa cha kampuni yake kutoka Marekani. Fundi mmoja wa London akajaribu kwa siku 30 akashindwa, na Hobbs akazidi kutamba. Kisha mwaka 1854 msimamizi wa mafundi wa Chubb akafungua kitasa kimoja cha kampuni ya Hobbs. Na huko kwao Marekani, katika miaka hiyohiyo ya 1850, kijana mmoja aitwaye Linus Yale akakifungua kile kitasa cha benki kilichokuwa fahari ya Hobbs. Huyu ndiye Yale ambaye mtindo wake wa kitasa chenye pini umo leo katika milango mingi ya mji huu, na ndio mtindo uliomo mlangoni kwangu. Yale hakufika pale kwa kufichwa siri. Alifika kwa sababu siri zilikuwa zimeshawekwa mezani, akaona palipo dhaifu, akajenga juu yake. Mpishi ndiye aliyepikwa, na sote tukafaidika.

Mwaka 1860 Hobbs alirudi Marekani. Hakurudia tena maisha ya kufungua kufuli mbele ya umati. Alifanya kazi katika kiwanda cha cherehani cha Howe huko Bridgeport, Connecticut, kisha mwaka 1866 akawa msimamizi wa kiwanda cha risasi katika mji huohuo, akakaa huko kwa zaidi ya miaka 20 na kusajili uvumbuzi kadhaa. Alifariki Bridgeport mwezi wa Novemba mwaka 1891, mzee wa miaka 79. Kampuni aliyoiacha London iliendelea kwa jina la Hobbs Hart mpaka karne iliyofuata, na mwishowe ikanunuliwa na Chubb, walewale aliowafungulia mlango kwa dakika 25. Na ile kufuli ya Bramah iko mpaka leo katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi, London.

Nirudi barazani. Niliwasimulia wazee habari hii kama nilivyowasimulia nyinyi, ila kwa kahawa chungu na kashata. Nikawauliza: kati ya nyumba zetu zilizoibiwa, ni ngapi mwizi aliingia kwa vyuma vyembamba na subira ya Hobbs? Wakacheka. Aliyevunjiwa duka alivunjiwa kwa mtarimbo, na mara ya pili mabati yaling'olewa. Aliyeibiwa televisheni, dirisha lilikuwa wazi. Mwizi wa mtaani hana saa 51, wala hana dakika 25. Ana jiwe, na ana mtu wa ndani aliyemwambia mwenye nyumba amesafiri. Anayekaa miezi akifundisha vidole vyake kusikiliza chuma ni mtu aliyeshika kazi, na mtu mwenye kazi ana kitu cha kupoteza.

Lakini sikuwaambia kwamba hofu yao ni ya bure. Ujuzi huu ni amana, kama ujuzi wa daktari anayejua sumu au wa karani anayejua akaunti za watu. Hobbs hakusimama mbele ya mlango wa mtu bila idhini, na kazi yake ilionekana na mashahidi. Hayo mawili ndiyo niliyomwekea sharti mpwa wangu. Asiguse mlango mpaka amjue mwenyewe, na jirani mmoja au mzee wa mtaa awe amesimama hapo. Vyuma vyake vikae kwa fundi wake, visitembee mfukoni usiku, maana polisi akivikuta saa sita za usiku hatauliza habari za London. Na siku ataposikia jina lake likitajwa vibaya, aje kwangu kabla sijaenda kwake.

Sisi wenye nyumba nasi tuna letu la kufanya. Tunanunua kufuli ya bei rahisi yenye jina kubwa, tunaifunga, tunalala kama wale wa Piccadilly. Dini yetu imetufundisha tumfunge ngamia kwanza, kisha tumtegemee Mwenyezi Mungu. Basi tujue tumemfunga kwa kamba gani. Muulize fundi: kitasa hiki changu kinafunguka kwa urahisi? Akikuambia kweli, usimwone mwizi. Amekufanyia hisani.

Yule mzee aliyekuwa mkali zaidi hakunijibu usiku ule. Alimaliza kahawa yake, akaaga, akaenda zake. Lakini Ijumaa baada ya Swala alimsimamisha mpwa wangu mlangoni mwa msikiti, akamuuliza kama anaweza kuja na fundi wake kukiangalia kitasa cha duka lake. Kijana alinitazama kwanza. Nikamwambia aende, na mimi nitakuja kuwa shahidi.

Wabillahi tawfiq.